Tuonyesheni mizani: barua ya wazi kwa viongozi wa klabu yetu ya mpira

Kwa Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu Mkuu, Ndugu Mweka Hazina na wajumbe wote wa Kamati ya Utendaji.

Mlio wakubwa kwangu, shikamooni. Wadogo zangu, poleni na majukumu.

Sijaandika jina la klabu wala majina yenu. Mnajijua, na wanachama wenzangu wakisoma mistari michache tu watajua ni wapi. Sina nia ya kuwapa watu wa nje cha kutucheka. Lakini nimeleta barua mbili ofisini kwa mkono wangu, moja ikagongwa muhuri mbele ya macho yangu, na mpaka leo sijapata jibu. Msimu unaelekea mwisho. Ndiyo maana hii ya tatu naiandika hadharani.

Mimi ni mama wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kadi ya uanachama nilikatiwa na marehemu baba, na ada nimelipa kila mwaka, hata mwaka ambao biashara ililala. Vilevile ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake thelathini. Fedha ya watu naijua uzito wake. Deni nalo nalijua, na nitaeleza mbele nimelijuaje.

Swali lililokuwa kwenye zile barua mbili ni hili: msaada uligeuka deni lini?

Mtakumbuka mkutano wa kabla ya msimu uliopita. Katibu alisimama akatutangazia kwamba kiongozi wetu mmoja amejitolea kulipa nauli ya timu kwa safari za mbali, posho za kambi, na malimbikizo ya mishahara ya miezi mitatu. Neno alilotumia ni hilo, amejitolea. Ukumbi mzima tulisimama tukapiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele, na sijutii, maana siku ile niliamini timu imeokolewa. Mwaka huu tumekaa tena. Ajenda ya fedha ikasukumwa mpaka mwisho, watu wameshaanza kunyanyuka, tukaambiwa kwamba klabu inadaiwa, na anayedai zaidi ya wote ni yuleyule aliyejitolea. Kiasi hakikutajwa. Riba haikutajwa. Mkataba hatukuonyeshwa. Mzee mmoja wa Igogo aliponyoosha mkono kuuliza, alijibiwa kwamba mambo ya fedha hayasemwi mbele za watu kwa sababu wapinzani wetu wanasikiliza.

Mzee yule amekuwa mwanachama tangu wengi wenu mkiwa shuleni. Aliketi chini bila kusema neno. Iliniuma kuliko kipigo chochote tulichopata uwanjani msimu huu.

Tangu siku hiyo vijiwe havipoi. Pale kwenye kahawa karibu na Uwanja wa CCM Kirumba, jioni haipiti bila watu kutunishiana mishipa ya shingo. Wako wanaosema, "Bila yeye timu ingekufa, mnataka nini tena, nyamazeni." Wako vijana wa bodaboda wanaosema, kama anaidai basi aichukue, tujue moja. Wako wanaokata shauri kwa kusema dawa ya deni ni kulipa. Nimewasikiliza wote, na kila mmoja ana chake cha kweli. Ila huyu wa mwisho namuuliza: tulipe kiasi gani, kwa nani, na kwa karatasi ipi? Dawa huandikwa baada ya mgonjwa kupimwa.

Na nianze na haki ya yule aliyetoa. Alfajiri moja nilikuwa stendi ya Nyegezi nikisafirisha mzigo, nikakutana na vijana wetu wanapanda basi. Ni baridi, wamevaa jezi za mazoezi, mmoja ana ndala. Basi lile lilitoka kwa sababu mtu mmoja alifungua mfuko wake. Kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na ligi za madaraja ya chini hazina mdhamini wa kubeba gharama hizo zote. Anayesema mtu huyo hakuisaidia klabu anasema uongo. Mimi namshukuru, na nitamshukuru hata nikikutana naye barabarani kesho.

Lakini shukrani haina riba. Kama ilikuwa zawadi, tumeshukuru. Kama ulikuwa mkopo, mkopo una siku ya kuombwa, siku ya kukubaliwa, kiasi, muda, riba, na mtu aliyesaini kwa niaba yetu. Nani alisaini? Kikao gani kiliruhusu? Je, aliyekopesha aliketi kwenye kikao kilekile kilichoamua kumkopa? Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na ningeomba msiliruke.

Niwape mfano wa ziwani, kwa kuwa wote tumekulia hapa. Kule visiwani, Ukerewe na kwingineko, mvuvi asiye na mtaji hupewa injini na nyavu na mnunuzi wa sangara. Anashukuru, anaingia majini. Sharti ni moja: samaki wote ampelekee yeye, kwa bei anayopanga yeye, mpaka deni liishe. Bei ikipanda kwa wanunuzi wengine, mvuvi anaisikia redioni tu. Nyavu zikichanika anaongezewa nyingine, na deni linarefuka. Mtumbwi umeandikwa jina la mtoto wake ubavuni, watu wa kijijini wanamwita tajiri, lakini kila mtu mwaloni anajua nani anaamua mtumbwi uende wapi. Nimewaona wavuvi wa namna hiyo miaka yote niliyokaa Kirumba. Hakuna aliyewanyang'anya chombo. Kilichoondoka ni uamuzi.

Klabu yetu imefika hapo. Mwaka wa uchaguzi ukija, tutampigiaje kura ya hapana mtu ambaye akitoka atadai chake chote kesho yake asubuhi? Tayari nimesikia kwa masikio yangu, kutoka kwa mjumbe mmoja wa kamati, kwamba "huyu hatuwezi kumgusa, tutalipa na nini?" Alisema kwa unyonge, sikumlaumu. Lakini maana yake ni kwamba uchaguzi umeshafanyika, na sisi hatukualikwa.

Mnajua jinsi nchi hii ilivyolihangaikia suala la umiliki wa klabu za wanachama. Simba na Yanga zilipoanza safari ya kuingiza wawekezaji, serikali ilisimamia kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Tulibishana miaka kuhusu asilimia hizo. Mwenye hisa amewekewa ukuta. Anayeidai klabu hana ukuta wowote. Anaweza kukopesha leo, akaongeza kesho, na bila kununua hisa hata moja akawa na klabu nzima kiganjani. Hili hatujalijadili hata siku moja, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko lile la hisa.

Sasa tuje kwenye mechi ya kombe, ile tuliyopangiwa na timu ya Ligi Kuu. Uwanja ulijaa. Watu walitoka Igoma, Buhongwa, Misungwi, hata kutoka Magu. Tulikata tiketi kwa furaha tukijua viingilio vile vitawatoa vijana kwenye shida. Wiki moja baadaye wachezaji wawili walikuja mezani kwangu Mwaloni kuomba niwakopeshe dagaa wakale kambini. Nikauliza, jamani, na mapato ya mlangoni? Wakasema wameambiwa yamekwenda kupunguza deni.

Na kuna mama lishe aliyewapikia vijana hao tangu kambi ilipofunguliwa. Ugali, maharage, siku nyingine sato mmoja aliyegawanywa na watu wanne. Ana daftari lake, kila sahani ameiandika, na sahihi za wachezaji zimo. Anadai. Hajalipwa. Mwenye nyumba ya kambi anadai. Fundi aliyeshona majina kwenye jezi anadai. Hawa wote wameikopesha klabu sawasawa na yule mkubwa, tena wamekopesha kutoka kwenye unga wa watoto wao. Fedha zilipoingia, mbona aliyekaa karibu na sanduku ndiye aliyelipwa kwanza? Kama kuna orodha ya wadai, mama lishe ni wa ngapi? Kama hayumo kabisa, basi lile deni mnalotutajia bila tarakimu siyo deni zima la klabu, ni kipande tu alichoamua mtu kukikumbuka.

Niliahidi kueleza nimelijuaje deni. Wengi wetu hapa tunaijua mikopo inayoitwa kausha damu. Miaka kadhaa nyuma mwanangu aliugua, mtaji ukaisha, nikachukua mkopo wa namna hiyo kwa wakopeshaji wa mtaani. Rejesho lilikuwa kila wiki. Sasa biashara ya dagaa haiendi kwa wiki. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika, na sisi tunapumzika nayo. Siku za giza fedha ipo, siku za mbalamwezi hakuna hata senti. Mkopeshaji hakujua wala hakutaka kujua habari za mwezi. Ilipofika mbalamwezi nikachukua mkopo wa pili kulipa rejesho la kwanza, na wa tatu kulipa la pili. Walikuja kubeba friji, wakabeba televisheni, wakarudi kuchukua godoro alilokuwa analalia mtoto. Walionitoa ni wanawake wa kikoba.

Sikusoma uhasibu, lakini somo nililolipata pale silisahau. Mkopo unaolipwa kwa kalenda isiyo ya kazi yako utakula mtaji hata kama riba ni ndogo. Mpira nao una giza na mbalamwezi. Ligi ikichezwa kuna viingilio, kuna jezi zinauzwa, kuna mgeni anakuja. Ligi ikisimama ni miezi ya ukame, na ndiyo miezi ya usajili, ambapo klabu hutoa fedha nyingi kuliko wakati wowote. Mmekopa miezi ya ukame ili kusajili, mkaahidi kulipa kwa mapato ya mechi, na mechi zilipofika mapato yakakutwa yameshaliwa. Msimu uliofuata mkakopa tena ili kulipia kilichobaki. Nawaambia kama mtu aliyebebewa godoro: njia hiyo naijua inakoishia.

Kwenye kikoba chetu mtu akiomba mkopo tunamuuliza kwanza fedha inakwenda kufanya nini. Akisema ananunua turubai na chanja za kuanikia, tunampa, kwa kuwa chanja zitaanika dagaa mwaka mzima. Akisema anakwenda kulipa mkopo mwingine, tunakaa naye chini kwanza, tunataka kuona ule mwingine. Sisemi klabu isikope. Ingekopa kuweka uzio uwanja wa mazoezi, au kununua basi lake ili iache kukodi, au kuwalea vijana wa chini ya miaka 17 ambao kesho wakiuzwa wanaleta fedha, ningekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mikopo yetu imekwenda kwenye mishahara na motisha za mechi. Ikishaliwa, imeliwa, na hakuna kinachobaki cha kuilipa.

Najua jibu lenu, nimelisikia mara nyingi. Tukipanda Ligi Kuu kila kitu kitalipika. Mnatutajia mkataba wa haki za matangazo kati ya shirikisho la mpira nchini, TFF, na Azam Media wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ni kweli mkataba upo na ni mkubwa. Lakini fedha hizo ni za walio ndani ya Ligi Kuu, na sisi tuko nje tunachungulia dirishani. Kukopa kwa kutegemea kupanda daraja ni kuuza dagaa ambao bado wako ziwani.

Wapo waliotutangulia kwa kosa hili, tena wakubwa kuliko sisi. Leeds United ya Uingereza mwaka 2001 ilicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka huohuo ikakopa pauni milioni 60, ikaweka rehani mapato ya tiketi za miaka 25 iliyokuwa haijafika. Hesabu yao ilikuwa kwamba kila msimu watacheza Ligi ya Mabingwa. Hawakufuzu tena. Wakauza wachezaji mmoja baada ya mwingine, Rio Ferdinand akaenda Manchester United mwaka 2002, na mwaka 2004 timu ikashuka kutoka Ligi Kuu. Mwaka 2007 ikashuka tena, mpaka daraja la tatu. Iliwachukua mpaka 2020 kurudi Ligi Kuu, yaani miaka 16. Mtoto aliyezaliwa timu inashuka alikuwa kidato cha nne inaporudi.

Wa pili ni Bury, nayo ya Uingereza, klabu ya tangu 1885, iliyochukua Kombe la FA mwaka 1900 na 1903. Hii naiomba sana mkae nayo. Msimu wa 2018/19 Bury ilipanda daraja. Vijana walipigania jezi huku mishahara haijalipwa, wakapanda. Agosti 27, 2019 klabu ikafukuzwa kwenye ligi, kwa sababu uongozi ulishindwa kuthibitisha kwamba fedha za kulipa madeni na kuendesha timu zipo. Walipanda, na msimu mpya hawakuucheza. Mkisema tukipanda tutapona, mimi naifikiria Bury.

Na FIFA yenyewe siku hizi haina mchezo na klabu isiyolipa. Mchezaji au kocha akishinda kesi na asilipwe, klabu inaweza kufungiwa kusajili mpaka madirisha matatu mfululizo. Tukipanda na madeni ya wachezaji tuliowaacha, tunaweza kuingia Ligi Kuu tukiwa tumefungwa mikono.

Hapa nyumbani hatuhitaji kukumbushwa jinsi kushuka kunavyouma. Timu ya Pamba ilishuka mwaka 2001 na ikakaa nje ya Ligi Kuu miaka 23, mpaka ilipopanda mwaka 2024 ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji. Toto Africans ilishuka 2017. Mwaka huohuo timu ya Mbao ilitupa raha ambayo nikiikumbuka moyo unatweta: iliifunga Yanga bao 1-0 pale Kirumba kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda fainali Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1 kwenye dakika za nyongeza. Watu tulilia kama tumefiwa. Miaka mitatu tu baadaye, 2020, Mbao ikashuka, na Alliance ikashuka msimu huohuo. Kila klabu ina sababu zake na sisemi ni madeni. Ninachosema ni kwamba jiji hili limeshuhudia timu zake zikipanda kwa shangwe na kuteremka kimya kimya, na sitaki yetu iongezwe kwenye orodha hiyo kwa kosa ambalo tuliliona likija.

Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alipenda kutusimulia jinsi ushirika wa kanda hii ulivyoanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wanaibiwa kwenye mizani ya wafanyabiashara. Mkulima alitoka kijijini na mzigo aliouvuna mwenyewe, akaambiwa uzito asiouona. Madai yao hayakuanza na bei wala viwanda. Walidai mpimaji wao asimame kwenye mizani aone mshale unaishia wapi. Kutokana na dai hilo dogo vikazaliwa vyama, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria chini ya Paul Bomani, likaja kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Baba alikuwa akifika hapo ananyamaza, kisha anasema, "Ilikuwa ni kuona mizani tu."

Nami naomba hilo tu. Tuoneni kama wakulima wale. Mzigo ni wetu, tumeubeba kwa ada, kwa viingilio, kwa jezi, kwa sauti zetu. Tunaambiwa una uzito fulani na hatuuoni mshale.

Msiniambie haiwezekani. Kikoba chetu kilipoomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo wanawake tuna asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, tulitakiwa kuleta katiba, usajili, mihutasari ya vikao, taarifa ya benki na andiko la biashara. Wanawake thelathini, wengine hawakumaliza darasa la saba, tulikaa chini tukaandika kila kitu. Afisa maendeleo alikuta hesabu zimelingana mpaka shilingi mia. Klabu yenye katibu mwenye digrii na kamati ya wajumbe waliovaa suti itashindwaje kutuandikia karatasi moja?

Karatasi yenyewe naitaka hivi. Majina ya wote wanaoidai klabu, kuanzia mkubwa mpaka mama lishe, na mbele ya kila jina kiasi, tarehe, riba kama ipo, na kikao kilichoidhinisha. Mkopo ambao hauna kikao wala hati uhesabiwe kuwa mchango, na aliyetoa tumpe cheti cha heshima mbele ya mkutano, nitakuwa wa kwanza kumpigia vigelegele tena. Kiongozi aliyeikopesha klabu asikae kwenye kikao kinachojadili kulipwa kwake. Mapato ya mlangoni ya mechi yoyote yasiahidiwe kwa mtu kabla mechi haijachezwa, na yakipatikana yaanze na wachezaji na wale wanaowalisha. Kikomo cha kukopa kwa msimu kipitishwe na mkutano mkuu, kiandikwe kwenye katiba yetu, kipelekwe kwa Msajili wa Vyama vya Michezo kama yanavyopelekwa marekebisho mengine.

Mtauliza fedha ya kuendesha timu itatoka wapi ikiwa mkopeshaji atakasirika. Nami nitawajibu kwa habari ya Portsmouth. Ilichukua Kombe la FA mwaka 2008, na mwaka 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Ikaporomoka hadi daraja la nne. Mwaka 2013 mashabiki wake walichanga, wengi wakitoa pauni 1,000 kila mmoja, wakainunua. Waliiendesha miaka minne, wakapanda kutoka daraja la nne mwaka 2017, na walipotaka kumuuzia mwekezaji walipiga kura wao wenyewe. Sisi hatuna pauni. Lakini msiseme wanachama wa Mwanza hawachangi. Tulichangia jezi mlipotuambia bei ya jezi. Tulichangia matibabu ya yule beki aliyevunjika mguu, mlipotuambia hospitali inadai kiasi gani, na fedha zilipatikana ndani ya siku tatu, nyingine zikitoka kwa wabeba mizigo pale Mwaloni, mia tano mia tano. Watu hutoa wakijua wanachojaza. Hakuna anayemimina maji kwenye mtungi uliofunikwa kwa kanga.

Kwa ndugu yetu aliyetoa fedha zake, kama unasoma: kaka, sina ugomvi nawe. Njoo mbele ya wanachama na hati zako. Kama tunadaiwa kihalali tutapanga jinsi ya kulipa, kidogo kidogo, kwa kalenda ya mpira, na hakuna atakayekutukana nikiwepo. Ukiondoka siku moja, ondoka ukiwa umelipwa au umeshukuriwa. Hiki cha katikati, cha kudai bila kusema unadai nini, kinakuharibia hata wema ulioufanya.

Mweka Hazina, mdogo wangu, najua hali yako. Kukaa na daftari ambalo wakubwa hawataki lifunguliwe ni mzigo. Nimelishika daftari miaka mingi na siku nyepesi kuliko zote kwangu ni ile ya mwisho wa mwaka, tunapolisoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Nitakuja nalo kwenye mkutano, uone tulivyochora mistari yake. Si kazi ngumu.

Katiba yetu inawaruhusu wanachama kuitisha mkutano wa dharura wakitimiza idadi ya sahihi. Naendelea kusubiri jibu la barua zangu. Wakati nasubiri, karatasi ya sahihi iko mezani kwangu Mwaloni, upande wa wauza dagaa, kuanzia saa moja asubuhi. Yule mzee wa Igogo ndiye aliyesaini kwanza. Karatasi ya pili nimeinunua leo.

Mwanachama wenu,
Kirumba, Mwanza